Mdomo wa Bomba Uelekee Wapi

Juu ya meza yangu ya chakula kuna jagi la kioo. Nusu ya chini ina maji ya chumvi niliyoyatia rangi nyekundu ya keki, nusu ya juu ina maji ya kawaida ya bomba. Maji ya chumvi niliyaingiza mwisho, kwa mrija uliofika hadi kitako cha jagi, taratibu sana, yakajitandaza chini na kuyainua ya juu bila kuyatibua. Baina yao umekaa mstari mwembamba kama uzi. Ukigonga meza, mstari unapiga mawimbi madogo, kisha unatulia palepale.

Mtihani huu nilipewa na jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi pampu katika viwanda vya mafuta ya kupikia mpaka alipostaafu. Alinikabidhi bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, akalichomeka mrija mwembamba wa plastiki, akaniambia nichanganye. Kijiko hakiruhusiwi. Kutikisa jagi hakuruhusiwi. Nivute maji humo jagini na kuyarudisha humo humo, basi.

Nilizamisha mrija hadi chini, nikavuta, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Mara kumi, mara kumi na tano. Maji mekundu yalizunguka kama yamepagawa. Mstari ulipinda, ukanyanyuka, ukashuka. Nilipopumzika, mekundu yalikuwa bado mekundu na meupe bado meupe, na kidole gumba kilikuwa kinaniuma.

"Mwanangu," akasema mzee, "unachota chini, unamwaga chini. Hao wa juu watapata habari saa ngapi?"

Alikunywa chai yake akaaga. Mimi nikabaki na jagi, na tangu jioni ile nimekuwa nikiifuatilia kazi moja ambayo haionekani ikifanywa: kazi ya kuamua mdomo wa bomba ukae wapi ndani ya tanki kubwa, na uelekee wapi.

Tanki la mafuta ghafi huweza kuwa na kipenyo cha mita 80, kuzidi upana wa uwanja wa mpira. Ukitia humo kitu kipya, iwe mafuta ya daraja jingine, dawa ya kuzuia kutu, au shehena ya meli nyingine, hakijichanganyi kwa kuachwa. Molekuli zikiachiwa zisambae zenyewe katika umbali kama huo, tanki litaoza kwa kutu kabla hazijafika. Kijiko cha mita 80 hakipo. Zipo rafadha zinazopenyezwa ubavuni mwa tanki, na zinafanya kazi nzuri. Lakini ipo njia nyingine, nayo ndiyo iliyoniteka: pampu iliyokaa nje inavuta kimiminika kutoka tankini na kukirudisha kwa kasi kupitia mdomo mwembamba. Ndani hakuna kinachozunguka. Hakuna beringi ya kuchakaa, hakuna shafti inayotoboa ukuta na kuvuja. Kuna mdomo tu, na ukiwekwa pabaya, hakuna kingine humo ndani cha kuuokoa.

Tuutazame mkondo wenyewe kwa karibu, kwa sababu uzuri wote umo humo.

Kimiminika kinapotoka mdomoni kwa kasi, hakibaki peke yake. Kingo zake zinakwaruzana na kimiminika kilicholala pembeni, zinajiviringisha kama mkeka, na katika kujiviringisha huko zinakikamata kilicholala na kukivuta ndani. Kila hatua mkondo unanenepa na kupunguza mwendo. Unafunguka kama faneli, kwa pembe ya takriban digrii 24 kutoka ukingo hadi ukingo, na pembe hiyo haijali sana kama ulianza kwa kasi kubwa au ndogo, ilimradi uwe na msukosuko wa kutosha. Mwendo unapungua, lakini msukumo wa jumla haupotei: unagawiwa kwa wengi, kila mmoja akipata kidogo.

Mwaka 1961 F. P. Ricou na D. B. Spalding walichapisha vipimo vya kiasi gani hasa mkondo unavuta. Namna walivyopima inanifurahisha kila nikiikumbuka. Walifanya kazi kwa gesi. Waliuzungushia mkondo ukuta wenye vitundu vidogo vidogo, kisha wakawa wanaingiza hewa kupitia ukuta huo, wakiongeza na kupunguza, mpaka shinikizo ndani likawa sawasawa na nje. Hewa ikiwa pungufu, mkondo unanyonya na shinikizo linashuka. Ikizidi, linapanda. Penye usawa, hewa inayopita ukutani ndiyo kiasi kamili ambacho mkondo ungejichukulia wenyewe kama ungeachwa huru. Kwa maneno mengine, waliunywesha mpaka ukatosheka, kisha wakasoma kipimo. Jibu lao hukaa kwenye mstari mmoja: mtiririko wote wa mkondo ni ule ulioanza nao, mara 0.32, mara umbali ukihesabiwa kwa vipenyo vya mdomo.

Chukua kalamu. Mdomo wa sentimita 5, kasi ya mita 10 kwa sekunde. Unatoa lita 20 hivi kila sekunde. Mita 10 mbele ni vipenyo 200, na 200 mara 0.32 ni 64. Lita 20 zilizotoka kwenye pampu zimekuwa zaidi ya lita 1,200 kila sekunde, zikitembea katikati kwa mwendo wa sentimita 30 tu kwa sekunde, taratibu kuliko mtu anayetembea. Sasa elekeza mdomo huo huo kwenye ukuta ulio mita 1 mbele. Vipenyo 20, mara 6 na kidogo. Pampu ni ile ile, bili ya umeme ni ile ile, na umetupa sehemu tisa katika kumi za kazi.

Tazama basi nani anachanganya. Pampu inaleta lita 20, zile nyingine elfu na zaidi ni za tanki lenyewe, zilizokuwa zimelala zikaamshwa njiani. Ndiyo maana fundi wa kazi hii hutafuta njia ndefu kabla ya kutafuta pampu kubwa. Katika tanki ambalo kina chake kinakaribiana na upana wake, njia ndefu kuliko zote ni ya mshazari: mdomo ukae chini ukutani, uelekee juu, upande wa pili, pale ukuta unapokutana na uso wa kimiminika. Hapo pembe inakuwa karibu digrii 45. Tanki pana na fupi kama sinia linataka pembe ndogo zaidi. Tanki jembamba na refu kama kisima linataka mdomo usimame katikati ya sakafu na kupiga wima.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Matanki hujaa na kupungua, na njia iliyokuwa ndefu Jumatatu inaweza kuwa fupi Ijumaa. Mdomo uliolengwa tanki likiwa limejaa utapasua uso wa mafuta yakishuka, na hapo unarusha matone hewani, unaongeza mvuke, na unajenga chaji ya umeme tuli juu ya mafuta. Hilo la umeme tuli halina mzaha: wanaojaza matanki ya mafuta mepesi hushikilia mwendo usiozidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa kuingizia uzame kabisa. Kwa upande mwingine, ukiulaza mdomo sana kwa kuogopa uso, mkondo unashikana na sakafu. Upande mmoja hauna tena kimiminika cha kuvuta, na sakafu inaula msukumo kwa msuguano. Richard Grenville na James Tilton, waliochapisha utafiti wao wa mikondo ya matanki katika miaka ya 1990, waliona kwamba chini ya takriban digrii 15 mchanganyiko unachelewa kiasi cha kuhitaji hesabu yake ya peke yake.

Kisha kuna upande wa kushoto na kulia. Mtu asiyezoea angedhani mdomo ukilengwa kwa kuambaa na ukuta, tanki zima likazunguka, kazi imekwisha. Macho yanadanganyika kwa urahisi hapa. Koroga chai kikombeni kwa kuzungusha tu, kisha tazama majani: yote yanakwenda pamoja, mwendo mmoja, kila moja na jirani yake yule yule. Kuzunguka pamoja si kuchanganyika. Mama zetu wanapotaka uji wa mtoto upoe sawasawa hawauzungushi, wanaumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile na kurudi, ukianguka juu ya mwenzake. Mdomo unaolenga katikati ya tanki, ukapita na kuugonga ukuta wa mbele, unapeleka kimiminika juu, kando na chini, na kukirudisha nyuma kwa njia kadhaa zinazokatana.

Na tundu la kuvutia? Likikaa karibu na mdomo, au pale mkondo unapofikia mwisho wake, pampu inajivutia yale yale iliyoyatoa sasa hivi. Kwa hiyo tundu huwekwa pale pasipofikiwa kwa urahisi, ili liwavute waliolala. Hapo nilimkumbuka mzee na chai yake.

Kazi hii ina historia yenye heshima. Mwaka 1949 H. Fossett na L. E. Prosser waliiwasilisha mbele ya Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza. Swali lilikuwa limetoka vitani: petroli ilihitaji kutiwa dawa iitwayo tetraethili ya risasi, kwa kipimo kidogo sana, ndani ya matanki makubwa, na injini zisipate tone lenye nyingi na tone lisilo nayo. Walichokiacha ni kanuni inayokumbukika bila kitabu. Muda wa kuchanganya unapanda kwa mraba wa kipenyo cha tanki, na unashuka kadiri kasi ya mkondo ikizidishwa kwa kipenyo cha mdomo inavyoongezeka. Tanki likipanuka mara mbili, subira inahitajika mara nne. Tangu wakati huo watu wamekuwa wakiirekebisha namba ya mbele ya kanuni, kila mmoja na matanki yake. Katika masahihisho hayo, ninaloliheshimu kuliko yote ni la Grenville na Tilton: kinachoamua muda ni hali ya mkondo mwishoni mwa njia yake, ukiwa umechoka, maana kona iliyo mbali kabisa ndiyo inayochanganyika mwisho, na tanki halijachanganyika mpaka kona hiyo ichanganyike.

Yote haya ni rahisi vimiminika vikilingana uzito. Visipolingana, mahali pa mdomo panakuwa suala la usalama. Agosti 1971, katika kituo cha gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, karibu na La Spezia nchini Italia, meli ya Esso Brega ilishusha shehena iliyokuwa na joto zaidi na nzito zaidi kuliko gesi iliyokuwemo tankini. Ikaingizwa kwa chini, ikajitandaza chini kama maji yangu ya chumvi, ile nyepesi ikiifunika kama blanketi. Joto likawa linaingia na halina pa kutokea. Saa 18 hivi baadaye matabaka yalipinduana, na mvuke mwingi ukatoka kwa nguvu kupitia vali za usalama. Nani angefikiri kwamba tofauti kati ya kujaza kwa juu na kujaza kwa chini ingekuwa na uzito huo? Leo matanki ya namna hiyo hupewa milango yote miwili: shehena nzito huingizwa kwa juu ili izame ikichanganyika, nyepesi huingizwa kwa chini ili ipande ikichanganyika.

Lakini tanki ninalolifikiria usiku liko Marekani, katika jimbo la Washington, si mbali na mto Columbia. Pale Hanford, ambako plutoniamu ya silaha ilitengenezwa kwa miongo kadhaa, taka za mionzi zimehifadhiwa katika matanki 177 ya chini ya ardhi. Moja lilijulikana kwa jina la SY-101. Kipenyo chake ni mita 23 hivi, na linaweza kubeba zaidi ya lita milioni 3.8. Ndani yake matabaka yalijipanga: chini tope zito la chumvichumvi, juu yake kimiminika, na juu kabisa ukoko mgumu.

Mionzi na kemikali zilitengeneza hidrojeni humo kwenye tope, pamoja na gesi nyingine inayoweza kuisaidia kuwaka hata bila hewa. Gesi ilinaswa. Tope likavimba polepole, uso wa tanki ukapanda sentimita kwa sentimita, wiki baada ya wiki, mpaka bonge la tope likawa jepesi kuliko kimiminika kilicholikalia. Hapo lilinyanyuka, likapasuka, na tanki likabeua. Kila baada ya miezi mitatu minne hivi. Baadhi ya mbeuo hizo zilitoa hidrojeni ya kutosha kuwaka kama pangekuwa na cheche.

Fikiria wewe ndiwe fundi. Huwezi kuingia. Huwezi kuona. Huwezi kutoboa ukuta. Una matundu machache tu kwenye paa la tanki, na kitu chochote utakachokishusha hakitapandishwa kirahisi.

Walishusha pampu ndefu iliyosimama wima, siku chache baada ya tanki kubeua, wakati tumbo lake lilikuwa tupu kuliko wakati mwingine wowote. Ilikuwa Julai 1993. Tundu la kuvutia lilikaa juu, mita kadhaa kutoka sakafuni, kwenye kimiminika kisicho na tope jingi. Chini, karibu sana na sakafu, palikuwa na midomo miwili iliyolala mlalo, kila mmoja ukimpa mwenzake mgongo.

Nimeutafakari mpangilio huo kama mtu anavyotafakari mlango wa Zanzibar uliochongwa. Kwa nini miwili, na kwa nini kinyume? Kwa sababu mdomo mmoja unaosukuma mbele unaisukuma pampu nyuma, na pampu ndefu iliyoning'inia kutoka paani ingepinda. Misukumo miwili iliyo sawa inafutana. Kwa nini chini kabisa? Kwa sababu huko ndiko gesi ilikonaswa, na tope linatifuliwa kutoka mizizi yake, halivunjwi kutoka juu. Kwa nini kuvuta kutoka juu? Kwa sababu kimiminika cha juu ni chepesi: kikipelekwa chini kinatandaa mlalo, kinatifua, kisha uzito wake mdogo unakipandisha kikiwa kimebeba tope mgongoni. Pampu inakishusha, tanki lenyewe linakipandisha.

Na midomo ile ilikuwa inageuzwa. Pampu iliendeshwa muda mfupi, chini ya nusu saa, mara chache kwa wiki. Kisha waliizungusha kidogo kwenye mhimili wake, ielekee kipande kingine cha tanki, wakaiendesha tena. Katika miezi ya kwanza walikwenda kwa uangalifu mkubwa, kwa mwendo mdogo, wakipima gesi, wakisubiri, wakiongeza. Hakuna aliyeharakisha. Tope lililokuwa limelala miaka mingi lilifumuliwa fungu kwa fungu, kama mtu anayefumua nywele za mtoto aliyelala bila kumwamsha. Gesi ikaanza kutoka kidogo kidogo, kila siku, na mbeuo kubwa zikakoma.

Kazi haikuishia hapo, na nisingependa kuisimulia kana kwamba iliishia. Miaka ilivyosonga, viputo vidogo vilivyokuwa vikinaswa chini vilipanda na kunaswa kwenye ukoko wa juu. Ukoko ukanenepa, uso ukaanza kupanda tena. Mwishoni mwa mwaka 1999 na mwanzoni mwa 2000 walihamisha sehemu ya taka na kuongeza maji ili chumvi iyeyuke. Hayo ni ya kimiminika na asili yake. Midomo miwili ilifanya ilichowekewa.

Jana usiku nilitengeneza jagi upya. Chumvi, rangi, mrija, subira ya dakika ishirini mpaka mstari ukatulia. Safari hii nilikata ncha ya mrija, nikaipasha moto kidogo, nikaipinda ilale mlalo. Mzee alikuja na kiti chake akakaa upande wa pili wa meza, ili macho yake yawe sawa na mstari.

Nilivuta kutoka juu, maji meupe. Nikashusha mrija hadi chini, mdomo karibu na kitako, ukielekea ng'ambo. Mzee aliweka ncha ya kidole kwenye kioo.

"Piga hapa."

Nikasukuma, bila nguvu nyingi. Ulimi mweupe ulikimbia chini ya maji mekundu, ukagusa kioo pale kidole kilipokuwa, ukapanda ukutani. Ulipofika kwenye mstari haukuwa mweupe tena. Ulikuwa wa waridi, mnene kama kifundo cha mkono wangu, na ulipita. Nikainua mrija, nikavuta tena juu, nikaushusha, nikaugeuza kidogo kushoto. Mzee akasogeza kidole.

Mara ya tano mstari ulikuwa ukungu. Mara ya tisa nilitafuta mahali ulipokuwa nisipaone.